Nani Anatusimulia? Msimulizi na Mtazamo Katika Tamthilia za Runinga



Ndugu msomaji, kijiji cha Ushongo kipo katika Wilaya ya Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto. Kwa miaka mingi msafiri atokaye Pangani mjini amevuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha akashika njia ya kusini katikati ya minazi mpaka ufukweni. Ni kijiji cha wavuvi. Wakazi wengi ni ndugu zetu Waislamu, na waamini wetu huko ni wachache. Katika mojawapo ya safari zetu za kichungaji tulilala huko usiku wa Jumamosi ili tuadhimishe Misa Takatifu asubuhi yake. Mwenyeji wetu ana duka dogo na runinga, na baada ya chakula cha jioni majirani wa dini zote mbili walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakatazama tamthilia pamoja nasi.

Usiku ule, katika tamthilia, binti wa kazi alitia kitu ndani ya chai ya mama mwenye nyumba. Watazamaji wote walimlaani. Karibu na mlango alikuwa amekaa binti mwingine, wa kweli, aliyetoka milimani Usambara kuja kusaidia kazi za nyumba ile na duka lake. Mama mmoja akasema kwa utani, "Hawa ndio walivyo, mwenye nyumba, angalia chai yako." Watu wakacheka. Binti akainuka taratibu, akatoka nje.

Kesho yake, baada ya Misa, alitusaidia kukusanya vyombo vya ibada. Tulimwuliza kama alikuwa mzima. Akajibu kwa adabu, "Mimi mzima, Padre. Ila kwenye zile tamthilia sisi kila siku ni wezi, au wachawi, au tunamchukua baba mwenye nyumba. Sijaona hata moja inayoanzia kwetu."

Jibu lile ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Bila kusoma vitabu vya nadharia, binti yule alikuwa amegusa jambo ambalo wataalamu wa fasihi huliita mtazamo wa usimulizi. Tunapenda kulieleza kwa waamini wetu, kwa kuwa familia nyingi humaliza siku mbele ya runinga, na hukumu tunazojifunza pale hatuziachi pale.

Maana ya msimulizi na mtazamo

Msimulizi ni yule anayetutolea hadithi. Mtazamo ni mahali alipokaa anapoitazama. Mambo haya mawili huenda pamoja lakini si kitu kimoja: mwandishi mwenye mvi aweza kutusimulia kisa kupitia macho ya mtoto wa miaka 8, nasi tukaona meza kwa chini na watu wazima kama minara.

Zamani suala hili lilikuwa wazi. Bibi alipowakusanya wajukuu, akasema "Paukwa!" nao wakajibu "Pakawa!", kila mtoto alijua nani anasimulia. Walimfahamu bibi, walijua anapenda nini na anamwogopa nani, na waliweza kumkatiza kwa swali. Katika runinga msimulizi amegawanyika na kujificha. Yumo mwandishi wa mswada, yumo mwongozaji, yumo mpiga picha, yumo mhariri anayekata na kuunga, yumo hata mtunzi wa muziki. Kwa kuwa sisi tunaona kwa macho yetu wenyewe, twadhani hakuna anayetusimulia, twadhani tunashuhudia. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa Ushongo. Mvuvi ameondoka usiku, naye anarudi alfajiri bila samaki. Ikiwa kamera itapanda naye ngalawani, tutaona mawimbi, mikono iliyochubuliwa na kamba, na nyavu zinazopandishwa tupu mara tatu. Atakapofika nyumbani na mkewe akamfokea, tutasema mwanamke huyu hana huruma. Lakini ikiwa kamera itabaki nyumbani, tutaona chungu kitupu, mtoto mwenye homa, na daftari la madeni dukani. Mume atakapoingia na kujilaza bila neno, tutasema mwanamume huyu ni mzembe. Tukio ni lile lile, na hakuna aliyesema uongo. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa kamera.

Aina kuu za usimulizi

*Sauti isiyo na uso.* Hii hutumika zaidi katika filamu za kumbukumbu na za mazingira. Mbele ya Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi ya bahari. Kasa wametaga huko tangu zamani. Lakini miti ya kisiwa ilitoweka, na sasa maji yakijaa bahari hukifunika, hata mayai hulazimika kuhamishiwa ufukweni Ushongo yasisombwe. Mtu akitengeneza filamu ya habari hiyo, aweza kuweka sauti nzito ya msimulizi asiyeonekana, na mvuvi akaonyeshwa kwa mbali tu, akipita na chombo chake, hana jina wala neno. Au aweza kumpa nafasi ya kusimulia mwanakijiji anayelinda viota vile. Takwimu zaweza kuwa zilezile katika filamu zote mbili. Katika ya kwanza mvuvi ni sehemu ya tatizo; katika ya pili ni mlinzi. Sauti isiyo na uso ina mamlaka makubwa kwa sababu hatujui inatoka kwa nani, na kwa hiyo hatujui tumwulize nani.

*Nafsi ya kwanza.* Hapa mhusika mwenyewe anasema "mimi". Mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, ametuachia mfano bora katika Adili na Nduguze. Mjumbe wa mfalme anamwona Adili usiku akiwachapa manyani wawili, na habari inafika kwa mfalme ikiwa na sura ya ukatili. Mfalme hamhukumu kwa habari hiyo; anamwita ajieleze. Adili anasimulia maisha yake kwa kinywa chake, nasi tunajua kwamba manyani wale ni ndugu zake, na kwamba kuna sharti linalomfunga. Jicho la mjumbe halikukosea lilichokiona. Lilikosa kilichotangulia. Katika runinga nafsi ya kwanza hujitokeza pale tunaposikia mawazo ya mhusika huku midomo yake imefunga, au anapotugeukia na kusema nasi. Tukumbuke pia kwamba anayejisimulia aweza kujipendelea. "Mimi" si hakikisho la ukweli.

*Nafsi ya tatu inayoambatana na mhusika.* Tamthilia nyingi ni za namna hii. Hakuna anayesema "mimi", lakini kamera inamfuata mtu mmoja au wachache. Tunaingia nao chumbani, tunatazama kutoka nyuma ya bega lao, na uso wao unaletwa karibu wanapolia. Siri ya Mtungi, tamthilia ya Kitanzania iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilimfuata kijana Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, pamoja na watu wa familia zinazomzunguka. Kwa sababu tulikaa naye muda mrefu, tuliyajua makosa yake bila kuacha kumjali. Ni kanuni ya kudumu: yule tunayekaa naye peke yake, tunamhurumia.

*Msimulizi maizi.* Huyu anajua yote na yuko kila mahali. Anatuonyesha mwizi akiingia dirishani, kisha anatupeleka sebuleni kwa mama anayesali rozari bila habari. Sisi tunajua, mama hajui. Tofauti hiyo kati ya ujuzi wetu na wake ndiyo huleta taharuki, na pia kile kinachoitwa kinaya. Hutufanya tujione wenye hekima kuliko wahusika, na hiyo ni raha kubwa. Lakini ni raha inayozoesha vibaya. Katika maisha hatuoni chumba cha jirani wakati yeye haoni chetu. Aliyezoea kujua yote kwenye runinga huja kudhani anajua yote mtaani.

Mfasiri kama msimulizi wa pili

Nchi yetu ilichelewa kupata runinga, isipokuwa Zanzibar, iliyoanza televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vya kwanza, ITV kikiwa mojawapo, vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo wengi wetu tulizifahamu hadithi za picha kwanza katika vibanda vya video. Humo alizaliwa msimulizi wa namna ya pekee: mtu aliyeingiza sauti yake juu ya filamu ya kigeni, akaifasiri kwa Kiswahili, akaeleza, akatania, akaonya. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo, na kanda zake zilisambaa mbali.

Wapo walioidharau kazi hii kwa sababu haikufuata maneno ya asili. Sisi twaona inatufundisha jambo. Mfasiri wa kibandani hakujificha. Watazamaji walimjua kwa jina, walijua hapa anatafsiri na hapa anaongeza lake, na walimkubali au kumcheka. Kwa namna fulani alikuwa bibi wa "Paukwa" aliyerudi mbele ya skrini.

Leo tamthilia za nje hutujia zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili kwa ufundi mkubwa. Tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa hapa nchini kwa Kiswahili mwaka 2011 na kupendwa sana, hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye zikafuata za Kituruki na nyinginezo. Mhusika wa Beijing anasema Kiswahili kama jirani yetu, nasi tunasahau kwamba mtazamo umetoka mbali: nani anaitwa mke mwema, mzee anastahili heshima gani, mfanyakazi wa ndani ni mtu wa namna gani. Si kwamba mtazamo wa mbali ni mbaya. Ugomvi wa wakwe wa Beijing ulitufanya tucheke ya kwetu. Lakini lugha ikiwa yetu na jicho likiwa la wengine, inatupasa kuwa macho mara mbili.

Tunayemfuata ndiye anayetubadilisha

Watengenezaji wa vipindi wanaijua nguvu hii na huitumia kwa makusudi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu uzazi, na hatukubaliani na kila kilichofundishwa humo. Hata hivyo namna ulivyoundwa inafaa kujulikana. Ulifuata mbinu ya Miguel Sabido, mtengenezaji wa vipindi kutoka Meksiko: wahusika wema, wahusika wabaya, na kati yao wahusika wanaoyumba na kubadilika polepole. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Tunu, mkewe, alianza kwa kuvumilia yote na mwishowe akasimama kwa miguu yake. Msikilizaji hakuhubiriwa. Alitembea na Tunu, na Tunu alipofika, naye akawa amefika.

Nguvu hiyohiyo huweza kuvuta upande mwingine. Hadithi ikimfuata mzinzi kwa muda mrefu, tukajua upweke wake na hofu zake, tutajikuta tunaomba asifumaniwe. Je, hilo ni baya? Si lazima. Kumwelewa mkosaji ni mwanzo wa huruma. Kipimo ni hiki: je, hadithi hiyo, kabla haijaisha, inatupeleka hata mara moja kukaa na yule aliyeumizwa? Ikitupeleka, imetufundisha huruma. Isipotupeleka, imetufundisha udhuru tu.

Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anakwenda kwa mfalme Daudi aliyemtwaa mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Hamshtaki moja kwa moja. Anamsimulia kisa cha maskini mwenye kondoo mmoja aliyelelewa kama mtoto, na tajiri aliyemnyang'anya. Nathani ameweka jicho nyumbani kwa maskini, mahali ambapo Daudi hakuwahi kukaa. Mfalme anawaka hasira na kutoa hukumu, ndipo nabii anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi alikuwa na habari zote za kosa lake tangu mwanzo. Alichokikosa ni mahali pa kuitazama.

Bwana wetu naye, katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, anatupeleka kwanza nchi ya mbali pamoja na mwana mdogo, kisha anatuweka kwa baba anayeona mwanawe angali mbali, na mwishoni anatutoa nje ya nyumba, alikosimama mwana mkubwa na uchungu wake. Kila mmoja anapata zamu yake, hata yule aliyekasirika. Nalo Kanisa lilipopokea Injili lilipokea nne: mashahidi wanne, kila mmoja na mahali pake, na Bwana mmoja.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Kanisa limejali hadithi za skrini tangu mapema. Papa Pio XII aliandika waraka juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957, na mwaka uliofuata Mtakatifu Klara wa Asizi akatangazwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa inasimuliwa kwamba, akiwa mgonjwa kitandani, aliijaliwa kuiona na kuisikia ibada ya Noeli iliyofanyika mbali naye. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba uovu waweza kuonyeshwa katika sanaa ili mwanadamu aeleweke kwa kina zaidi, mradi sheria ya maadili iheshimiwe. Na ukawakumbusha watazamaji na wazazi wajibu wao wa kuchagua na kulea dhamiri. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni kwa suala la simulizi, akikumbusha kwamba tangu utotoni tuna njaa ya hadithi kama tulivyo na njaa ya chakula. Mwenye njaa, basi, na aangalie anachokula na aliyekipika.

Maswali manne ya kutumia nyumbani

Hatushauri runinga izimwe. Twashauri tamthilia ikiisha, wazazi na watoto waulizane maswali haya:

1. Ni nani tuliyekaa naye peke yake, tukajua mawazo yake? Huyo ndiye tuliyefundishwa kumhurumia.
2. Ni nani ambaye hatukumwona hata mara moja akiwa peke yake? Huyo amepewa kazi ndani ya hadithi, lakini hakupewa nafsi. Mara nyingi ni maskini, mfanyakazi, mgeni, au mzee wa kijijini.
3. Hadithi ilianzia wapi? Ukianza na kofi, utamwona mpigaji. Ukianza siku moja kabla, huenda ukaona mengine.
4. Muziki ulituambia tuhisi nini kabla hatujaamua wenyewe? Zima sauti kwa dakika moja, uone kama mtu yule bado anatisha.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa lina jibu hata mtaani. Kila jumuiya ina mtu ambaye tunamwona akipita tu.

Tuliporudi Ushongo

Katika safari iliyofuata tulikutana na Jumuiya Ndogo Ndogo katika nyumba ileile. Tuliwaomba waisimulie upya ile sehemu ya tamthilia, kila mmoja kwa macho ya mhusika mwingine. Haya tunayaandika kwa ruhusa yao, na majina yao tunayaacha.

Mzee mmoja alisimulia kwa macho ya baba mwenye nyumba, watu wakacheka sana. Mama mwingine akasimulia kama mama aliyenyweshwa chai. Ndipo yule mama aliyetania usiku ule akamgeukia binti wa milimani, akamwuliza, "Na wewe, mwanangu, ungeanzia wapi?"

Binti alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi ningeanza na siku aliyopanda basi kwao."

Hakuna aliyesema neno. Hakumtetea mtia sumu, wala hakusema chai ile ilikuwa safi. Alitaka tu tuione stendi, tumwone mama mzazi akimfungia binti yake nguo kwenye kanga, tuhesabu nauli pamoja nao. Yule mama akauliza, "Na wewe ulipanda siku gani?" Binti akaanza kueleza, na simulizi ile ikawa ndefu kuliko kikao chetu. Tulipoondoka kukiwahi kivuko, tuliwaacha wamekaa kwenye mkeka mmoja, runinga ikiwa imezimwa bila mtu kuagiza.

Mungu awabariki.